Mshono Haukukaa Sawa: Barua Tatu Kuhusu Tumbo Lililopasuliwa

Katika wiki chache zilizopita nimepokea barua tatu za wakazi wa Lubumbashi, moja kutoka Kampemba, ya pili kutoka Katuba na ya tatu kutoka Ruashi, na zote zinalalamikia sura ya tumbo baada ya upasuaji. Nimeziweka pamoja kwa sababu malalamiko yanafanana lakini yaliyo chini ya ngozi hayafanani hata kidogo, na anayekosea kuyatofautisha anaweza kulipia dawa ya kovu ilhali ana ugonjwa, au kulala tena juu ya meza ya upasuaji kwa jambo ambalo lingepungua lenyewe.

Jambo sana, Mama Munganga, mama daktari wetu. Nina umri wa miaka 41 na watoto wanne. Ngozi ya tumbo langu ilikuwa imelegea na kuning'inia, hivyo kwa miaka mitatu niliweka akiba kutokana na biashara yangu ya vikwembe, nikasafiri hadi Afrika Kusini na kufanyiwa upasuaji wa kukaza tumbo. Sasa ni mwezi wa nane tangu siku hiyo. Kovu limepanda upande wa kulia kuliko wa kushoto, kwenye ncha zake mbili nyama imejikunja kama masikio, kitovu kimekuwa kidogo mno na kimekaa pembeni, na sehemu ya juu ya tumbo bado imetokeza. Jioni tumbo lote huvimba. Chini ya kitovu sihisi kitu hata nikijifinya. Kila ninapopiga simu kule naambiwa nisubiri. Mdogo wangu anaolewa Agosti, na kuna munganga mmoja hapa mjini ambaye, baada ya kunitazama dakika chache bila kuuliza karatasi yoyote, amesema yuko tayari kunipasua tena mwezi ujao. Je, nikubali? Na je, nimedhulumiwa?
Mama wa Kampemba

Mama, usikubali, walau si mwezi ujao, na wala si kwa mtu ambaye hajaona protokoli ya upasuaji wako wa kwanza. Karatasi hiyo ndiyo inayoeleza ngozi kiasi gani ilikatwa, misuli ilishonwa au haikushonwa, na kama mafuta yalinyonywa kutoka ubavuni. Mpasuaji anayeingia bila kuijua huenda akakata mishipa ya damu michache iliyobaki kulisha ngozi ya tumbo lako, na ngozi isiyopata damu hufa. Ni haki yako kuidai, na kliniki iliyokupasua inapaswa kukupa nakala hata kama uko mbali. Iombe kwa maandishi, pamoja na picha walizokupiga kabla ya upasuaji.

Sasa tuyatazame malalamiko yako moja baada ya jingine, kwa sababu kila moja lina asili yake.

Kovu la tumbo huchukua miezi 12 hadi 18 kukomaa. Katika miezi ya kwanza huwa gumu, jeusi au jekundu kuliko ngozi ya jirani, kisha hulainika na kupauka polepole. Kovu la miezi minane bado ni changa. Hata hivyo muda hulainisha kovu tu, hauhamishi, kwa hiyo mstari uliopanda upande mmoja utabaki umepanda. Kabla ya kumlaumu aliyechora mstari huo, simama mbele ya kioo ukiwa wima na utazame mifupa ya nyonga zako, kwa kuwa watu wengi wana nyonga moja iliyo juu kuliko nyingine, au uti wa mgongo uliopinda kidogo, na mstari ulionyooka juu ya mwili uliopinda huonekana umekosewa. Ikiwa nyonga zako ziko sawa na kovu haliko sawa, basi hapo kuna kasoro ya kazi, na inaweza kurekebishwa baada ya mwaka mmoja.

Yale masikio yanatokana na namna ngozi inavyokatwa. Ngozi inayoondolewa ina umbo la jani, na ukingo wa juu hauna urefu sawa na ukingo wa chini, kwa hiyo mpasuaji anapokaribia ncha hulazimika ama kurefusha kovu kuelekea mgongoni ama kuacha ngozi ijikusanye. Wengi huchagua kuacha kovu fupi, na mara nyingi mkusanyiko huo hupungua wenyewe ndani ya miezi kadhaa. Ukibaki, huondolewa kwa sindano ya ganzi bila kulazwa, nawe hurudi nyumbani siku hiyohiyo, ila ujue kwamba kovu litaongezeka sentimita chache kila upande. Miongoni mwa yote uliyoyaandika, hili ndilo jepesi kuliko yote.

Kitovu kinahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa watu hudhani kimekatwa na kupandikizwa. Kitovu chako hakikuondoka mahali pake. Kiliachwa kimeshikamana na ukuta wa tumbo, ngozi ya juu ikavutwa chini kama shuka, kisha tundu jipya likatobolewa ili kitovu kichungulie. Tundu likitobolewa pembeni kidogo, kitovu huvutwa upande huo, na kovu linalokizunguka, likiwa duara, hujikaza na kukifanya kiwe kidogo. Kurekebisha kunawezekana, ingawa si kila mara matokeo ni makubwa, na picha zako za zamani zitaonyesha pia kama kitovu kilikuwa katikati tangu mwanzo, maana kwa watu wengi hakiko katikati kabisa.

Kuhusu sehemu ya juu iliyotokeza, lala chali usiku huu, ulegeze mwili, utazame tumbo lako. Likibonyea na kushuka chini ya mbavu, basi unene huo unatoka kwenye ukuta: misuli miwili inayosimama wima ilitanuliwa na mimba nne na ama haikushonwa, ama ilishonwa na uzi ukaachia. Hilo mpasuaji anaweza kulirekebisha. Lakini ukilala na tumbo likabaki limeinuka kama kilima, mafuta yako ndani, yakiyazunguka matumbo yenyewe, na hakuna upasuaji wa kukaza ngozi unaoyafikia. Hayo hupunguzwa kwa chakula na mwendo. Nimewaona kina mama waliopasuliwa mara mbili kwa sababu hakuna aliyewalaza chali kwanza.

Uvimbe wa jioni, nao, kwa mwezi wa nane unaweza kuwa wa kawaida. Mkato wa chini ulikatiza njia ambazo maji ya mwili hutumia kushukia kwenye kinena, na njia hizo huchukua miezi mingi, wakati mwingine mwaka mzima, kujitengeneza upya. Hata hivyo nataka ufanye ekografia, kile kipimo cha kuona ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti. Baada ya upasuaji wa aina hii maji hupenda kujikusanya kati ya ngozi na misuli, na ndiyo matatizo yanayotokea zaidi kuliko mengine. Yakigunduliwa mapema hunyonywa kwa sindano. Yakikaa miezi hujijengea mfuko wenye ukuta mgumu, ambao hautakauka kwa sindano bali kwa kuondolewa wenyewe, na tumbo lenye mfuko wa namna hiyo huonekana limevimba hata kama mshono ulifanywa kwa ustadi kamili.

Ganzi chini ya kitovu ni matokeo ya mishipa midogo ya fahamu iliyokatwa ngozi ilipoinuliwa. Hisia hurudi taratibu kutoka kingoni kuelekea katikati, kwa mwaka mmoja au zaidi, na mara nyingi hubaki kipande kidogo kisichohisi maisha yote. Ulipaswa kuambiwa kabla ya kutia sahihi. Ninakuomba jambo moja hapa, nami naliomba kwa sababu najua desturi zetu: usiruhusu shangazi wala mama mkwe akukande tumbo kwa maji ya moto. Ngozi isiyohisi huungua bila kulalamika, nawe utagundua asubuhi, malengelenge yakiwa yamekwisha kujitokeza.

Nirudi kwenye swali lako la pili, ambalo naona ndilo linalokuuma zaidi. Mtu aliyepasuliwa ili kuokoa maisha yake hawezi kupima kazi hiyo kwa uzuri wa mshono. Wewe hukuwa mgonjwa. Ulikwenda kununua umbo, na kwa hiyo umbo ndilo kipimo halali cha kazi uliyolipia. Una haki ya kulalamika, wala usimwache mtu akuambie kuwa unajivuna. Lakini kulalamika kwa haki kunataka kwanza tujue ulichoahidiwa. Ganzi, kovu la kutoka nyonga hadi nyonga na uvimbe wa miezi kadhaa humpata hata aliyepasuliwa vizuri kabisa, na hizo si dhuluma ikiwa ulielezwa. Kovu lililopinda na misuli iliyoachwa wazi ilhali ulilipia ishonwe ni mambo ya kumwuliza aliyekupasua. Wapasuaji wengi hukubali kurekebisha kasoro bila kudai ujira wao wenyewe, ingawa gharama ya chumba cha upasuaji na ya dawa ya usingizi hubaki kwa mgonjwa. Uliza kwa barua nani atalipa nini.

Ikiwa mwishowe utarekebishwa, ngoja mwaka utimie, uzito wako uwe umetulia kwa miezi sita, na uwe umeamua kwamba hutazaa tena, kwa maana mimba mpya hutanua yote yaliyokazwa. Kama unavuta sigara, acha angalau wiki nne kabla na wiki nne baada. Na ukisafiri tena, usipande ndege siku ya tatu ili kuokoa pesa ya chumba. Upasuaji wa kukaza tumbo ni miongoni mwa ule wa urembo unaoleta zaidi damu kuganda miguuni, na safari ndefu ya kukaa kitini huongeza hatari hiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakukata ghafla, unakwenda hospitali saa hiyohiyo.

Kwa harusi ya mdogo wako, fundi mzuri wa nguo atakushonea libaya lenye mkato ulioinuka kiunoni na hakuna atakayejua lolote.

Mama Munganga, mimi ni baba wa miaka 52, mkazi wa Katuba. Miaka miwili iliyopita nilipasuliwa usiku kwa haraka kwa sababu utumbo ulitoboka kutokana na tifoidi. Niliokolewa, namshukuru Mungu na waliohangaika nami. Lakini kovu, ambalo linashuka kutoka juu ya kitovu, ni pana kama vidole viwili na linang'aa, na tangu mwaka jana kando yake kuna uvimbe unaojitokeza ninapokohoa au kunyanyua gunia la makala, yaani makaa. Nikilala, unapotea. Mke wangu anasema ni kitambi cha pombe. Naona haya kuvua shati. Je, kuna dawa ya kupaka?
Baba wa Katuba

Baba, barua yako ina mambo mawili na ninakuomba uyatenganishe.

Kovu pana ni alama ya uamuzi mzuri. Utumbo unapotoboka, uchafu wote humwagika ndani ya tumbo, na mpasuaji mwenye akili mara nyingi haifungi ngozi usiku uleule, kwa sababu ngozi iliyofungwa juu ya uchafu hutunga usaha. Huiacha wazi ijijaze yenyewe kutoka chini, au huishona siku kadhaa baadaye. Ngozi inayojijaza hivyo huacha kovu pana, lenye ngozi nyepesi inayong'aa. Hakuna dawa ya kupaka itakayolifinya.

Uvimbe ni jambo jingine kabisa, na si la urembo. Kitu kinachojitokeza kwa kikohozi na kurudi ndani ukilala chali kina kila dalili ya ngiri ya kovu, ile ambayo waganga wetu huiita erni: ukuta wa misuli umeachana chini ya ngozi, na utumbo unachungulia. Kitambi cha pombe hakipotei kwa kulala, mwambie mama hivyo kwa upole. Ngiri hii hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Utafiti mmoja wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha namna mbili za kushona ukuta wa tumbo uliopasuliwa katikati: miongoni mwa walioshonwa kwa hatua kubwa za sentimita 1, watu 21 kati ya 100 walikuwa na ngiri mwaka mmoja baadaye, na miongoni mwa walioshonwa kwa hatua ndogo za milimita 5 walikuwa 13. Hao walipasuliwa kwa mpango, si kwa dharura. Wewe ulipasuliwa usiku, tumbo likiwa limechafuka, na uchafu huo pekee unatosha kulegeza mshono wowote ule.

Nenda kwa mpasuaji wa hospitali kubwa, akupime ukiwa umesimama kisha ukiwa umelala. Ngiri haijifungi yenyewe, na kadiri miezi inavyopita mlango wake hupanuka. Hurekebishwa kwa kuurudisha utumbo ndani na kuimarisha ukuta, mara nyingi kwa wavu maalumu unaoshonwa mahali hapo, na katika kazi hiyohiyo mpasuaji anaweza kulikata kovu lako pana na kuunganisha ngozi upya, kwa hiyo huenda ukapata na uzuri uliokuwa ukiutafuta. Kabla ya siku hiyo tibu kikohozi chako, punguza uzito kama umezidi, acha sigara, na magunia ya makala wayabebe vijana.

Kuna hali moja isiyongoja miadi. Uvimbe ukigoma kurudi ndani, ukawa mgumu na wenye maumivu, au wewe ukaanza kutapika na kutopitisha hewa wala choo, maana yake utumbo umebanwa na unaweza kukosa damu. Usiusukume kwa nguvu, usinywe dawa ya kuendesha, usingoje asubuhi.

Mama Munganga, nina miaka 26 na nilijifungua kwa sezariene, yaani kwa kupasuliwa, miezi saba iliyopita hapa Ruashi. Kovu limevimba, ni gumu, linawasha hasa usiku, na sasa linaenea nje ya mstari wa mshono. Dada yangu ana uvimbe kama huu sikioni alipotoboa. Sokoni niliuziwa mafuta ya kung'arisha ngozi ili yalifute, lakini ngozi ya kando ndiyo imekuwa nyeupe na kupata michirizi, kovu liko palepale. Rafiki yangu anashauri likatwe. Bado ninanyonyesha.
Binti wa Ruashi

Mwanangu, maneno mawili katika barua yako yanatosha kunielekeza: kwamba kovu limetoka nje ya mstari, na kwamba dada yako ana lake. Kovu lililovimba lakini likabaki ndani ya mipaka ya mshono mara nyingi hutulia lenyewe. Linalovuka mipaka ni keloidi, ambayo hupatikana zaidi kwa sisi wenye ngozi nyeusi, hurithiwa katika koo, na haitulii yenyewe. Aliyekuzalisha huenda hakukosea lolote. Mkato wa sezariene unaokwenda kwa upana juu ya kinena, ambao Hermann Johannes Pfannenstiel wa Ujerumani aliueleza mwaka 1900, umependwa hadi leo, na sababu mojawapo ni kwamba hujificha na kovu lake kwa kawaida huwa zuri kuliko la mkato wa wima, lakini ngozi yenye keloidi haijali ustadi wa mkono.

Rafiki yako amekushauri vibaya. Keloidi ikikatwa tu, bila matibabu mengine, hurudi kwa karibu nusu ya watu au zaidi, na mara nyingine hurudi ikiwa kubwa kuliko ya kwanza. Matibabu ya kuanzia ni sindano za triamsinoloni, dawa ya kushusha uvimbe, zinazochomwa ndani ya uvimbe wenyewe kila baada ya wiki nne hadi sita, kwa miezi kadhaa. Zinauma, sitakuficha. Uvimbe hushuka, mwasho hupungua haraka zaidi, ila alama hubaki. Pamoja nazo kuna karatasi za silikoni, zinazobandikwa juu ya kovu kwa saa 12 au zaidi kila siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu, nazo hutaka uvumilivu kuliko pesa. Ukija kuzaa tena kwa kupasuliwa, mweleze daktari mapema kwamba una keloidi, ili matibabu yaanze mara kidonda kitakapofunga.

Mafuta ya sokoni yaache leo. Mengi yana dawa kali za jamii ya kotizoni, mengine haidrokinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, au zebaki, na michirizi uliyoipata ndiyo alama ya ngozi iliyokonda. Utashangaa kusikia kwamba triamsinoloni ya sindano ni ndugu wa hiyo kotizoni ya mafuta. Tofauti ni kwamba moja huingizwa kwa kipimo ndani ya uvimbe tu, na nyingine hupakwa kila siku juu ya ngozi nzima iliyokuwa haina kosa. Isitoshe, unanyonyesha, na mafuta yenye zebaki huweza kumfikia mtoto kwa kugusana ngozi na kwa maziwa.

Utakapokwenda kwa daktari wa ngozi, mwambie kwanza kabisa kwamba unanyonyesha, na uchukue kopo la mafuta hayo pamoja na boksi lake, hata kama limebaki tupu, ili asome mwenyewe kilichoandikwa.